Kadi ya Mama

Mtoto wangu wa pili alipofikisha miezi tisa, Julai 2022, nilimpeleka kliniki kuchanjwa surua. Nesi akamvisha ile suruali ya kupimia, akamtundika kwenye mzani kama wanavyotundikwa wote, miguu inaning'inia, mtoto analia. Kilo 6 na gramu 400. Mwezi uliotangulia alikuwa na 6.9. Nesi akatia nukta kwenye kadi, akaiunga na ya nyuma kwa kalamu, na mstari ukateremka kutoka kwenye kijani hadi kwenye kijivu. Bila kuinua macho akauliza, kwa sauti iliyofika benchi la mwisho:

"Mama, wewe unafanya kazi? Mtoto unamwachia nani?"

Tulikuwa akina mama kama ishirini pale. Ghafla kila mmoja akawa na jambo la kurekebisha kwenye khanga yake.

Nilikuwa na majibu. Mtoto alikuwa ametoka kuharisha siku tano, nilimpa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki mpaka siku ya kumi kama nilivyoelekezwa, na hata mimi sikuwa nalala. Lakini ukiulizwa swali la namna ile mbele ya watu, majibu hukimbia. Nikasema, "Dada wa nyumbani." Nesi akaguna. Mguno ule nilitembea nao mpaka kwetu Segerea, Dar es Salaam.

Nyumbani mama mkwe hakuguna. Aliishika kadi, akaigeuza kama mtu anayekagua noti, akauliza taratibu kama mimi na mwanawe "tulivumilia". Mkazi wa Pwani ataelewa. Kwa wengine niseme tu kwamba mtoto akidhoofu, wapo wanaoamini kabemendwa: wazazi hawakungoja ziwa liachwe, au mmoja wao katoka nje ya ndoa. Ajabu ya kubemenda ni kwamba huhitaji watu wawili, ila anayeulizwa ni mmoja. Mume wangu alikuwa sebuleni anaangalia mpira.

Nilikaa usiku ule nikipiga hesabu nyuma ya kadi, na hesabu zenyewe zilikuwa hizi. Sheria ya ajira ya 2004 inanipa siku 84 za likizo ya uzazi, na ningejifungua pacha ningepata 100. Kliniki inataka mtoto anyonye miezi sita mfululizo, hata maji asionje. Miezi sita ni kama siku 180. Toa 84, zinabaki 96, na hizo 96 hakuna aliyewahi kunieleza nizifanyeje. Ni kweli sheria hiyohiyo inaniruhusu kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kwenda kunyonyesha. Ofisi yetu iko Posta, katikati ya jiji. Kutoka Posta hadi Segerea kwa daladala, saa mbili hizo huniishia Buguruni, nikiwa nimeshika bomba, ziwa linavuja. Baba wa mtoto sheria inampa siku 3. Alizitumia kupokea wageni.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa lishe, kwenye chumba cha pembeni, wiki iliyofuata. Aliniuliza uji ninausaga na nini. Nikataja kwa fahari: mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga. Akacheka kidogo. Akaniambia nafaka zote hizo kwenye kikombe kimoja ni mzigo kwa tumbo la mtoto, nichukue moja, nyingine ibaki kwa siku nyingine. Akaniambia uji wangu ni mwepesi, mtoto anashiba maji. Uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, nitie karanga iliyosagwa au kijiko cha mafuta, na akitoka kuugua nimwongezee mlo mmoja kwa siku mpaka arudishe uzito. Dakika kumi. Hakuniuliza kama nafanya kazi.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini ule mguno wa nesi ulikuwa umeshaniingia. Nikanunua daftari, nikachora mistari kwa rula: saa, chakula, kiasi, choo, usingizi. Nikamnunulia dada simu ya kupangusa. Nikamwambia kila baada ya saa mbili anitumie picha ya mtoto akila, akinywa au akilala. Na akikataa uji? Abembelezwe. Na akiendelea kukataa? Sikusema "mkabe", ila nilisema kikombe lazima kiishe, na kila mwanamke aliyekulia mitaa yetu anajua kikombe kinaishaje.

Ofisini nikawa mtu wa kutazama mapajani. Simu inatetemeka kikaoni, nafungua kwa chini ya meza: kijiko mdomoni. Napumua. Saa mbili baadaye tena.

Mwezi Septemba uzito ulipanda, kilo 7 na gramu 600, mstari ukarudi kwenye kijani. Nikajipongeza. Nikawaonyesha wenzangu ofisini lile daftari kama mtu anayeonyesha hati ya kiwanja.

Oktoba, jioni moja foleni imegoma, nikawa napitia picha za siku hiyo. Ya uji wa saa kumi jioni ikanishangaza. Ukutani, nyuma ya kiti cha mtoto, palikuwa na kipande cha jua chenye kivuli cha nondo za dirisha. Dirisha la jikoni kwangu linatazama mashariki. Jua lile huingia saa mbili asubuhi, saa nne limeshatoka. Nikarudi kwenye ya saa nane: jua lilelile, nondo zilezile. Ya saa sita vilevile. Kilichobadilika ni fulana tu. Ya njano, ya maua, halafu ile ya Simba aliyonunuliwa na baba yake.

Nilifika nyumbani sijavua hata viatu. Dada hakukana.

"Nikisimama kumpiga picha anaacha kula, anataka simu," alisema. "Nikaona nizipige zote asubuhi, halafu mchana ale kwa raha zake."

"Na daftari?"

"Daftari naandika usiku, dada, wewe ukiwa unaoga."

Sisi wawili tunaitana dada. Mshahara wake ulikuwa laki moja na ishirini. Mwezi ule nilimkata elfu ishirini. Nayaandika haya kwa sababu nimeona simulizi nyingi za akina mama ambamo msimuliaji ndiye anayeonewa kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Desemba wifi yangu akaja likizo kutoka Columbus, Ohio. Analea watoto watatu kule, na alikuja amechoka kwa namna ambayo sikuielewa, maana kwenye picha zake kila kitu kinang'aa. Akatushangaa tunavyowaacha watoto wacheze nje mpaka magharibi, mkubwa akimwangalia mdogo. Kwake, alisema, kumwacha mtoto garini aende kulipia mafuta ni jambo la kufikiria mara mbili, maana mpita njia anaweza kupiga simu polisi. Alipoondoka aliniachia riwaya aliyokuwa akiisoma kwenye ndege, The School for Good Mothers ya Jessamine Chan, iliyotoka mwaka huohuo wa 2022. "Usiisome usiku," alisema. Nikaisoma usiku.

Ni ile aina ya riwaya inayoshika ubaya wa leo na kuuvuta mpaka kesho ili tuuone vizuri. Wasomi huiita distopia. Mama mmoja wa Philadelphia, Frida, ametoka kuachwa na mume, hajalala, kazi zimemrundikia. Siku moja anamwacha bintiye wa mwaka mmoja na nusu peke yake nyumbani kwa zaidi ya saa mbili. Majirani wanapiga simu. Serikali inamchukua mtoto, inamfungia mama kamera nyumbani, kisha inampa uchaguzi usio uchaguzi: mwaka mzima kwenye shule ya kuwafunza mama wabaya kuwa wema, au apoteze haki ya uzazi. Shuleni kila mama anapewa mwanasesere wa roboti aliyefanana na mtoto wake, anayelia, anayeugua, na ambaye macho yake ni kamera. Mwanasesere anapima upendo. Wanafundishwa kumkumbatia mtoto kwa kuhesabu sekunde, na kuongea kwa sauti ya juu ileile inayotakiwa, na wakikosea inaandikwa. Akina baba nao wana shule yao, na mambo yao ni mepesi zaidi.

Nilidhani mwandishi katunga yote. Nikaja kusoma kwamba huko Marekani ipo sheria ya 1997 inayosema mtoto akikaa kwenye malezi ya serikali miezi 15 kati ya 22, kwa kawaida serikali inapaswa kwenda mahakamani kuomba haki za mzazi zifutwe, isipokuwa kwa sababu maalumu. Kwa hiyo saa inayomgongea Frida kichwani haikutengenezwa na mwandishi. Yeye kaongeza wanasesere tu.

Na sisi je? Hapo ndipo niliposhika kalamu. Nikaandika hadithi yangu ya kwanza tangu sekondari. Niliiita "Kadi ya Mama". Dar es Salaam mwaka 2061. Kila mwanamke akijifungua anapewa kadi yake mwenyewe, yenye kijani, kijivu na nyekundu, na kila mwezi anakwenda kupimwa yeye. Khanga ya kubebea mtoto imefumwa na waya mwembamba unaosikiliza: bembelezi ngapi umeimba, umefoka mara ngapi, moyo wako ulidunda vipi mtoto alipolia saa tisa usiku. Ukishuka kijivu miezi miwili mfululizo, wanakuja watu wa sare za bluu. Nilizipenda sana zile sare za bluu. Nilizieleza kwa kurasa mbili.

Tuna kikoba cha wanawake kumi na nane mtaani kwetu. Tunakutana Jumamosi jioni, tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii, tunafunga sanduku kwa kufuli tatu na funguo zinakwenda kwa watu watatu tofauti. Jumamosi moja ya mwezi Mei 2023, baada ya hesabu kukaa sawa, nikawaomba dakika ishirini niwasomee. Nilitegemea ukimya wa hofu.

Walicheka. Mweka hazina alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Sasa hiyo ya mwaka elfu mbili na sitini na ngapi?" aliuliza. "Mbona hiyo ni ya juzi?"

Wakaanza kunisomea wao. Mmoja kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa aliandikwa jina, mbele ya wazazi wote, kwamba mwanawe kaletwa bila picha ya mnyama wa mbugani iliyochapishwa kwa rangi. Ujumbe wa kuitaka picha ulitumwa saa tatu usiku, na picha ikatakiwa asubuhi. Mwingine alijifungua kwa upasuaji, na mpaka leo shangazi wa mumewe humtambulisha kwa wageni kama "yule aliyezaa kwa kisu". Mwenye genge alisema alipomnyonyesha mtoto miezi sita bila maji, mama yake mzazi aliwaambia majirani kwamba bintiye anamtesa mjukuu kwa kiu. Alipomfuata bibi akampa maji, kliniki walimwambia yeye ndiye sababu ya kuhara. Akaamua kuwadanganya wote wawili, na mtoto, alisema, yuko darasa la tano.

Kisha mweka hazina akarudi kwenye hadithi, safari hii hacheki.

"Mimi hao askari wako wa sare za bluu sijawaelewa. Wa nini? Kazi hiyo tunaifanya sisi wenyewe, bure, kila siku, na hata nauli hatudai."

Kurasa zangu mbili za sare zikafa palepale. Niliumia, nisikudanganye, maana zilikuwa ndizo kurasa nzuri kuliko zote. Lakini alikuwa sahihi kama fundi anayekuonyesha kwamba ukuta uliojenga hauna kazi, nyumba imeshikwa na nguzo nyingine kabisa. Kwenye riwaya ya Philadelphia serikali inabisha hodi kwa sababu kule serikali inabisha hodi kweli. Kwetu anayebisha ni wifi, jirani, nesi, shangazi, mwalimu. Nilikuwa nimeazima kitisho cha watu wengine.

Tulikuwa tunafunga sanduku pale mama mmoja anayeuza vitumbua, mtu asiyependa kusema, aliponiuliza jambo dogo.

"Huyo mama wa hadithi yako, anapokwenda kupimwa, mtoto kamwachia nani?"

Nikapekua karatasi. Sikuwa nimeandika. Mama wangu wa 2061 alikuwa na kazi, na mtoto, na mume wa kupita tu, na nyumba iliyofagiliwa, na chakula kilichokuwa kimeshapikwa anaporudi. Kimepikwa na nani? Hadithi nzima ya kurasa kumi na nne haikuwa na dada wa kazi hata kwenye mlango. Na mama yule wa vitumbua, mwenzangu asiyejua hata kidogo kilichotokea nyumbani kwangu, aliuliza swali lilelile la nesi, neno kwa neno karibu, ila kwa upole.

Nilirudi nyumbani nikamkuta dada anakunja nguo za mtoto. Ile fulana ya njano ilikuwa juu. Nikakumbuka wanasesere wenye kamera machoni, na akina mama wanaojifunza kukumbatia vizuri ili mashine iandike kwamba wamekumbatia. Nilikuwa nimesoma kitabu chote nikijiona Frida. Nilimlilia Frida! Na simu ya kupangusa ilikuwa imeninunulia nafasi nyingine kabisa kwenye hadithi ile.

Dada alikuja kwetu Februari 2022 kutoka Iramba, Singida. Nilikuwa najua ana mtoto, wa kiume, amemwacha kwa bibi yake. Nilikuwa najua kama ninavyojua bei ya umeme. Alimwacha akiwa na mwaka na miezi miwili. Frida aliondoka saa mbili na ushee, serikali ikamjengea shule. Dada aliondoka mwaka mzima na zaidi, na kijijini walimpongeza kwa kupata kazi mjini, na mimi nilimsifia kwamba ana mkono mzuri wa watoto. Mkono ule aliupatia wapi, sikuwahi kuuliza. Nilimuuliza usiku ule jina la mwanawe. Alinitajia, kisha akakaa kimya kidogo kama mtu anayesubiri kujua kosa lake ni lipi.

Elfu ishirini nilimrudishia. Alizipokea, akashukuru, akaziweka kwenye pindo la khanga, na sikuona kwamba zimebadilisha chochote usoni kwake. Daftari nilishaliacha tangu Januari, mtoto alikuwa ameshalichanachana. Hadithi yangu nimejaribu kuiandika upya nikimfanya dada ndiye msimuliaji. Imenigomea. Kila nikianza, sauti inayotoka ni ya kwangu, imevaa khanga yake. Mara moja nilimsomea ukurasa wa kwanza akiwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni nzuri, ila huyo dada wa kwenye hadithi mbona haendi nyumbani.

Julai 2023 alikwenda nyumbani, wiki mbili. Mama mkwe alikuja kunisaidia na mtoto, na siku ya tatu akalalamika mgongo.

Dada alirudi na kuku wawili, mfuko wa alizeti, na kadi ya kliniki ya mwanawe ndani ya nailoni, kwa sababu alitaka kuniuliza kama ile chanjo ya surua ya pili, ya miezi 18, bado mtoto anaweza kupata. Nilipiga simu kliniki, wakasema aletwe tu, hajachelewa. Tukaifungua kadi mezani. Ilikuwa kama ya kwangu, karatasi ileile, rangi zilezile. Nukta zilipanda vizuri, zimeungwa kwa kalamu ya bluu, moja kila mwezi, zote ndani ya kijani, mpaka Februari 2022. Kuanzia hapo visanduku vilikuwa vyeupe. Nikavihesabu kwa kidole, kumi na saba.

"Bibi yake miguu inamsumbua, foleni haiwezi," dada alisema.

Akaichukua kadi, akaipangusa unga uliokuwa mezani kwa upande wa khanga, akairudisha kwenye nailoni, akaenda kuwafungulia kuku kamba miguuni.